Nilisoma wasifu wa marehemu kwa dakika nne, nikaishia darasa la kuhutubia. Yaliyonikuta huko

#1 Kibatari (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mwaka jana mwezi wa nne tulimzika baba mkubwa kule Tukuyu. Kikao cha ukoo kikaamua wasifu wa marehemu asome "huyu wa Dar, amesoma". Huyu wa Dar ndiye mimi. Nikaandika kurasa tatu usiku, nikapiga pasi shati, asubuhi nikajiona nipo tayari.

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Inapiga juu ya bati, inapiga juu ya turubai, maiki inakoroma, na mimi nimeinamia karatasi inayotetemeka kama jani la mgomba. Kurasa tatu zikaisha kwa dakika nne. Jina la mama yake marehemu nililiruka. Nilipoketi, shangazi akaniinamia sikioni: "Mwanangu, ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Hilo swali lilinikaa wiki nzima. Baba mkubwa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Nafasi moja niliyopewa ya kumsemea mbele za watu, nikampitisha kama basi lisilosimama kituoni.

Niliporudi nikajiandikisha darasa la kuhutubia. Jumamosi jioni, wiki kumi, laki na nusu. Sitalitaja jina, huu si uzi wa tangazo. Tulikuwa kumi na wanne: mchungaji mmoja, dalali wa viwanja, mabinti wawili wa benki, jamaa aliyegombea udiwani kura zikagoma, na wengine wa kawaida kama mimi. Mwalimu ni mama wa makamo aliyewahi kutangaza redioni.

Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Kila mtu alisimama dakika moja kujibu swali moja: leo asubuhi umekula nini? Mezani kuna kopo la bati na kikombe cha maharage. Kila ukisema "yaani", "aaa", "unajua", "nini hii", jirani yako anadondosha harage koponi. Ko! Mimi nilipata kumi na tisa, kwa chai na chapati mbili tu. Mchungaji alipata saba, akajitetea kwamba kanisani waumini wanaitikia "amina", wanampa muda wa kufikiri.

Mimi nilikwenda kutafuta ujasiri. Mwalimu akaniambia ujasiri hauzi, na woga wangu haumhusu. Kinachomhusu ni kwamba mdomo wangu unaendelea kutembea wakati kichwa bado kinatafuta njia. "Ukikosa neno, funga mdomo. Neno likija, fungua." Maneno mepesi hayo. Jaribuni leo mbele ya watu watano: sekunde mbili za kimya ni ndefu kuliko foleni ya Ubungo ya saa kumi na mbili jioni. Ila tulikuwa tunarekodiana kwa simu, na nilipojitazama, kile kimya nilichodhani ni aibu hata hakionekani. Anaonekana mtu anayewaza.

Ngoja nile, nitaendelea.

#2 Nusu Glasi

Nimeweka kambi hapa. Kula haraka mkuu.

#3 Mzee wa Pembeni

Laki na nusu kuhesabiwa maharage? Ungenipigia mimi ningekuhesabia bure, na wali wa kulia hayo maharage ningetoa.

Kusema ni kipaji. Unacho au huna. Mabibi zetu hawakukanyaga darasa lolote, lakini wakisimama kumpa bibi harusi nasaha ukumbi mzima unatoa leso. Nyie mna vyeti na mnatetemeka.

#4 Mpwa wa Likoni

Mzee wangu shikamoo. Bibi alisoma sana, ila darasa lake halikuwa na ada. Miaka hamsini anakaa kwenye mikeka ya shughuli, anasikiliza waliomtangulia wanavyosema, nani kachekwa na nani kanyamaziwa. Sisi mikeka hiyo tulikaa na simu mkononi.

Huku kwetu Mombasa, na Kenya nzima, shuleni tunafundishwa ulumbi, yaani ufundi wa kusema mbele za watu, ndani ya fasihi simulizi. Nilikariri sifa za mlumbi: awe jasiri, aimiliki lugha, aujue utamaduni wa hadhira, awe mcheshi, ajue kupandisha na kushusha sauti. Kwenye mtihani niliandika zote nikapata alama zote. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia, haya, simama ulumbe. Nina miaka thelathini na minne sasa, sifa za mlumbi naweza kukutajia zote nikiwa nimejificha nyuma ya mlango.

#5 Kibatari

Mpwa umenichekesha hadi nimemwaga chai.

Naendelea. Wiki ya tatu kila mtu aliandika hotuba ya dakika tano. Nikaandika, nikajiona nimeiva. Mwalimu akaisoma kimya, akaniuliza: "Hii uliiwaza kwa lugha gani?" Nikamwambia Kiswahili, Mwalimu. Akasema hapana, maneno ni ya Kiswahili lakini mifupa umeiazima kwa Kiingereza. Akanionyesha. Nilikuwa nimeandika "Mwisho wa siku, kila mmoja wetu ana nafasi ya kucheza". Akauliza: nani anacheza? Mpira? Na siku ikiisha, kesho je? Akaniambia nimwambie hilohilo kama ningekuwa namwambia shangazi jikoni. Nikasema: "Hakuna asiye na kazi hapa." Akasema ndiyo hiyo, andika.

Tangu siku hiyo hotuba zangu zote naziandika kwa kusema kwanza. Natembea sebuleni nikijirekodi, kisha nasikiliza na kuandika nilichosema, halafu ndipo nakata. Nikianza na kalamu nakuwa karani, na nikianza na mdomo nabaki mtu.

Jambo lingine ni mwendo. Nilijihesabu: maneno 160 kwa dakika. Vitabu vya Kiingereza hutaja 130 mpaka 150, kwa hiyo nikaona nimezidi kidogo tu. Mwalimu akacheka. Neno letu linabeba mzigo, akasema. "Nitakapowaeleza" ni neno moja, Mwingereza hapo anatumia matano. Kwa hiyo 160 za Kiswahili si mwendo wa mtu, ni wa bodaboda anayewahi treni ya Morogoro. Nilishuka mpaka 105. Nilijisikia kama nasinzia, lakini darasa likasema leo ndiyo tumekuelewa.

#6 Mkalia Maiki

Mimi ni MC, kazi yangu ni kusubiri watu wamalize kusema. Naomba niongee kuhusu itifaki maana ndiyo inayoua hotuba za Watanzania kabla hazijazaliwa.

Itifaki si adui. Kuna mzee katoka Kondoa kwa basi, kaketi mstari wa mbele na koti lake. Usipomtaja atalikumbuka hilo hadi arobaini yako. Lakini ina kazi na ina mwisho. Mwone mwenyeji kabla hamjaanza, mwombe orodha iliyoandikwa. Jina usilolijua usilibahatishe, mfuate mwenye jina umuulize linatamkwaje. Ukisimama, taja mgeni rasmi, mwenyeji, viongozi wa dini na wazee, sema itifaki imezingatiwa, songa. Nimeona mtu anasema "itifaki imezingatiwa" halafu anazingatia upya majina kumi na mbili. Na kama wewe ni msemaji wa nne, wenzako watatu wameshawataja. Sema "kwa itifaki iliyokwisha zingatiwa", watakuombea dua.

Maiki sasa. Umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, chini kidogo. Usiifunike kichwa kwa kiganja kama wasanii, itapiga mluzi. Usipite mbele ya spika nayo, mluzi huohuo. Usiipulize, usiigonge, usiseme "alo alo". Ukitaka kujua kama inafanya kazi, wasalimie watu. Wakiitikia inafanya kazi.

#7 Sindano Haiumi

Naongezea kwa upande wa mwili, maana niko wodini na haya tunayaona kwa wagonjwa wakisubiri majibu.

Ukiitwa mbele, mwili unadhani umeitwa na simba. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, damu inakwenda kwenye misuli mikubwa, mate yanakauka, vidole vinatetemeka. Huwezi kuuamrisha uache. Unaweza kuupunguzia. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane. Kule kuitoa polepole ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Fanya hivyo mara tano ukiwa bado umekaa, hakuna atakayejua. Kahawa iache siku hiyo kama hujaizoea. Maji yawe karibu.

Na mleta uzi, karatasi yako ya Tukuyu ilikuwa inakuchongea. Karatasi moja laini huukuza mtetemo mara kumi machoni pa watu. Andika kwenye kadi ngumu, au weka karatasi juu ya daftari lenye jalada gumu. Mkono utatetemeka vilevile, ila siri itabaki kwako.

#8 Mzee wa Pembeni

Huyu nesi kasema kitu. Maharage bado siyakubali.

#9 Fundi Saa

Maharage hata mimi nina neno nayo. Huo mchezo haukuanzia kwa mama wa redio. Vilabu vya Toastmasters, vya kujifunza kuhutubia, vina mtu maalum wa kuhesabu "aaa" za wenzake kila mkutano. Chama hicho kilianzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California, kwenye jengo la YMCA, na leo vilabu vyake vipo Nairobi na Dar pia. Nilikaa nacho miaka miwili. Kuna mtunza saa mwenye kadi: hotuba ya dakika tano hadi saba, kijani ikifika tano, njano sita, nyekundu saba. Kuna sehemu unapewa swali papo hapo unajibu kwa dakika moja au mbili. Hilo la papo hapo ndilo lililonifaa kuliko yote, kwa sababu maisha hayatoi wiki ya kujiandaa.

Ila kuhesabu kuna madhara. Tulikuwa na mwenzetu fundi umeme, msimuliaji mzuri ajabu, akianza hadithi hata mlinzi anaacha geti. Baada ya miezi mitatu ya kuhesabiwa akawa anasema kama tangazo la uwanja wa ndege. Safi, hana hata "aaa" moja, na hakuna anayemsikiliza. "Yaani" si uchafu, jamani. Mswahili akisema "yaani, nilipofika mlangoni..." hiyo yaani inakukaribisha usogeze kiti. Ya kutupwa ni ile inayokuja mara tano kwa sentensi moja.

#10 Kibatari

Fundi Saa nakubali nusu. Darasani kwetu kopo liliondolewa wiki ya nne. Mwalimu alisema kopo lilikuwa la kutufungua masikio tu, anayebaki nalo mwaka mzima ni sawa na mtu anayevaa bandeji kidonda kishapona.

Wiki hiyo ndiyo tuliyosikiliza sauti za Mwalimu Nyerere. Ile ya 1978 ya ukumbi wa Diamond Jubilee, alipowaambia wazee wa Dar es Salaam kuhusu Idi Amin. Sote tunaijua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, sijawahi kuisikiliza kama fundi anavyotazama nyumba ya mwenzake. Vitu vitatu tu. Kila kimoja kina sentensi yake, na sentensi zote zina umbo moja, kwa hiyo ukisikia ya kwanza, sikio linaisubiri ya pili, na ya tatu unaimalizia naye. Hakuna neno hata moja la kamusi pale. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa kwamba nchi imeingia vitani.

Kisha ile ya 1995 kwa waandishi wa habari pale Hoteli ya Kilimanjaro, alipoifanya nchi nyumba yenye nyufa. Mwingine angesema "changamoto mbalimbali zinazolikabili taifa letu", ukalala. Yeye akasema nyumba ina nyufa, kisha akaanza kukuonyesha ufa mmoja mmoja. Ukitoka pale kila ukiona ukuta unakumbuka.

Kosa letu lilikuja wiki iliyofuata. Wanaume sita kati ya tisa walikuja na hotuba wanaigiza sauti ya Mwalimu, kile kicheko chake na kuvuta maneno. Dalali wa viwanja ndiye alikuwa wa hatari zaidi. Mama akasikiliza wote sita, akasema: "Yule alikuwa mwalimu wa shule, Tabora na Pugu. Alizoea kutazama nyuso ajue nani hajaelewa. Nyie mmechukua sauti mkaacha macho."

Zoezi la macho likatoka hapo: sentensi moja, mtu mmoja. Unamchagua mtu, unammalizia sentensi yake nzima, ndipo unahamia kwa mwingine upande wa pili. Hutazami ukuta, hutazami "hadhira". Niliona ajabu jinsi mwendo unavyojishusha wenyewe, kwa sababu huwezi kumkimbiza mtu unayemtazama machoni.

#11 Baraza la Kahawa

Mimi nipo Tanga. Nasoma habari za kimya nikakumbuka kitu tunachokiona kila Ijumaa bila kukitafakari. Khutba ni mbili, na kati yake khatibu anakaa chini kidogo, kisha anasimama tena. Msikiti mzima kimya. Hakuna anayedhani kasahau. Watu wanakohoa, wanajiweka sawa, na akisimama mara ya pili masikio ni mapya. Basi hata kwenye mkutano wa mtaa nikiwa na mambo mawili, hulisema la kwanza, nikanyamaza, nikanywa maji, ndipo la pili. Siyachanganyi kwenye sinia moja.

#12 Mdogo Mtu

Samahanini kaka na dada zangu, nimeusoma uzi wote nikiwa na sababu. Sendofu ya dada yangu ni wiki mbili zijazo. Familia imenipa mimi neno la upande wa bibi harusi, kwa sababu kaka yuko safarini hadi siku yenyewe. Watu mia tatu. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi. Nimeandika mwanzo, naomba mniambie ukweli:

"Awali ya yote ningependa kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku hii ya leo katika hafla hii fupi. Pili, napenda kuishukuru kamati kwa kazi nzuri na kubwa waliyoifanya. Dada yangu ni mtu mwenye upendo, mkarimu, mcheshi, mchapakazi na mwenye hofu ya Mungu. Tangu tukiwa wadogo amekuwa mfano wa kuigwa..."

#13 Mkalia Maiki

Mdogo wangu, hafla "fupi" ambayo kadi imeandikwa saa 12 jioni hadi majogoo?

Mungu atashukuriwa na mchungaji kwenye sala ya kufungua, kamati itashukuriwa na mwenyekiti, nami nitawashukuru wote tena kila baada ya dakika kumi, ndiyo kazi inayonilisha. Wewe usishukuru mtu. Ukiwapunguzia shukrani moja tu, utapigiwa vigelegele.

#14 Mpwa wa Likoni

Dadangu, usinune. Hayo uliyoandika yanaweza kusomwa kwenye sendofu ya dada wa mtu yeyote. Yangeweza kusomwa kwenye ya dadangu mimi, na yeye si mkarimu.

#15 Kibatari

Achana na hiyo karatasi kwanza. Tuambie kitu kimoja dada yako alichokufanyia, ambacho ukumbini hakuna mwingine anayekijua. Usikiandike kama hotuba. Tusimulie tu.

#16 Mdogo Mtu

Mama alikuwa anakaanga vitumbua, sisi tunavipeleka sokoni kabla ya shule. Dada anabeba ndoo kichwani, mimi nabeba magazeti ya kufungia. Siku moja nikalia nataka kubeba ndoo mimi. Dada akaniwekea kata, akanitwisha. Hatukufika hata kwenye bomba la maji, nikajikwaa, vitumbua vyote mchangani. Dada aliviokota kimoja kimoja, akavipangusa kwa sketi ya shule, haikusaidia, tukawapa kuku wa watu. Jioni mama alipouliza hela, dada akasema ameanguka yeye. Alichapwa yeye. Nilikuwa darasa la pili. Mama hajui mpaka leo.

#17 Mzee wa Pembeni

Nimesoma mara mbili. Binti, sema hivyohivyo ulivyoandika hapo. Mtu yeyote kwenye uzi huu akikuongezea neno adhimu mlete kwangu.

#18 Kibatari

Hapo tayari una hotuba. Nakupangia tu viti.

Anza na sentensi yako ya mwisho: "Kuna jambo mama yangu hajawahi kuambiwa." Nyamaza. Hesabu nne moyoni. Watu mia tatu watageuka kumtazama mama, na wewe utapata nafasi ya kupumua. Kisha vitumbua, ndoo, kata, mchanga, sketi, kuku. Usiruke kuku. Ukifika "alichapwa yeye", nyamaza tena.

Usitufafanulie kwamba kwa hiyo dada ana upendo. Tumemwona anavyookota, tunajua. Hapo ndipo darasa letu zima lilikuwa linaharibu: tunasimulia kisa kizuri, kisha tunakihubiria.

Mwisho mgeukie bwana harusi. Umwambie nini? Fikiria mwenyewe, mimi simjui. Ila kiwe kifupi na kiwe na mchanga ndani yake.

Dakika tatu, usizidi. Kadi mbili ngumu, kila kadi maneno manne tu, si sentensi. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziwe kichwani hata ukiamshwa usiku.

#19 Herufi K

Huwa nasoma tu, leo naandika. Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi yake mnaiona kwenye jina. Nilipita darasa kama la mleta uzi. Kigugumizi hakikuondoka na sikuahidiwa kwamba kitaondoka. Kilichonisaidia ni penseli. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa na tatizo hilihili, na Mwaustralia aliyekuwa akimfundisha, Lionel Logue, ambaye hata daktari hakuwa, alikuwa anamwekea alama za kupumzikia kwenye karatasi na kumbadilishia maneno yanayomkwamisha. Hotuba ya vita ya Septemba 1939 ilisomwa kwa namna hiyo.

Nami nafanya hivyo. Kistari kimoja, pumzi fupi. Viwili, pumzi ndefu. Na mbele ya watu siombi radhi. Mara ya kwanza niliomba radhi, watu wakaanza kunisikiliza kwa huruma, na huruma inachosha wote. Siku hizi nikikwama nakwama, natoka, naendelea. Kiswahili kina visawe vingi, "kwa sababu" ikinigomea nasema "maana".

Mdogo Mtu, weka vistari.

#20 Nusu Glasi

Mleta uzi hujatumalizia. Siku ya mwisho ulisema nini?

#21 Kibatari

Nilirudia wasifu wa baba mkubwa. Watu kumi na watatu wasiomjua, ukumbi wa feni mbovu, hakuna mvua. Sikuanza na "marehemu alizaliwa". Nilianza na noti. Kila muhula alikuwa anakuja shuleni kulipa ada mwenyewe, na noti zake zilikuwa zinanuka viazi, kwa sababu alikuwa anazitoa kwenye gunia zilikofichwa. Mhasibu wa shule alikuwa anazishika kwa ncha za vidole. Baba mkubwa anamtazama tu, hasemi kitu, anasubiri risiti. Mimi nilikuwa naona aibu. Nikasema hivyo mbele ya darasa, kwamba niliona aibu. Nikanyamaza. Mchungaji akasahau kusema amina.

Dakika sita na nusu. Dalali alinirekodi, nikamtumia shangazi Tukuyu. Akakaa nayo siku mbili, nikaanza kudhani simu imeishiwa bando. Siku ya tatu akatuma sauti: "Sasa nimesikia. Lakini mama yake hukumtaja tena."

#22 Mzee wa Pembeni

Shangazi yako ndiye alipaswa kulipwa hiyo laki na nusu.

#23 Mdogo Mtu

Nimerudi. Ilikuwa jana.

MC (si Mkalia Maiki, mwingine) aliniita wakati pilau inagawiwa. Vijiko, sahani, watoto. Nilisimama pale mbele na kadi zangu ngumu, hakuna anayenitazama. Nikataka kuanza hivyohivyo ili yaishe. Nikakumbuka kimya. Nikanyamaza kabisa, natazama meza moja tu ya mabibi. Sijui ilikuwa muda gani. Bibi mmoja akasema kwa nguvu: "Haya mwanangu, tunakusikia," na meza za karibu zikaacha vijiko.

Nikasema kuna jambo mama yangu hajawahi kuambiwa. Ukumbi ukageuka, kama Kaka Kibatari alivyosema. Mama akaweka soda chini.

Kata niliisahau. Kadi ya pili niliishika juu chini, sikuitazama tena. Kuku sikuwaruka. Nilipofika "alichapwa yeye" dada alikuwa ameshaharibu vipodozi vyote, na mama ananitazama kama ananitafutia fimbo hapohapo.

Kwa bwana harusi nikasema: "Shemeji, siku ukikuta kitumbua kina mchanga, usimuulize dada. Niulize mimi." Akajibu bila maiki kutoka meza kuu kwamba mchanga atautafuna. Vigelegele, nikaketi, miguu haina mifupa.

#24 Kibatari

Hongera sana mdogo wangu. Na "yaani" ngapi?

#25 Mdogo Mtu

Kaka alifika saa mbili kabla, nikampa maharage ayaweke mfukoni ahesabu. Anasema tatu. Na harage moja halionekani, anadhani lilidondokea kwenye pilau.